Umeme wa nani?

Mwombe Mtanzania yeyote akusimulie historia ya umeme nchini, atakutajia mabwawa. Kidatu, Mtera, Kihansi, na siku hizi Bwawa la Julius Nyerere. Ukimbana kidogo ataongeza IPTL na Richmond, na hapo maongezi yatageuka kuwa siasa mpaka kahawa iishe kijiweni. Ni nadra kumsikia mtu akiisimulia historia hiyo kuanzia upande wa pili wa waya: nani alikuwa kule mwisho, na je, taa yake iliwaka?

Leo nataka kuanzia huko. Sababu yangu ni hii: mwaka 2015 mataifa yalikubaliana malengo 17 ya maendeleo, na lengo la 7 linasema kwamba ifikapo 2030 kila mtu awe na nishati safi kwa bei anayoimudu. Humo mna maneno matatu: safi, nafuu, wote. Wakubwa wetu huyatamka kwa pumzi moja kana kwamba ni kitu kimoja. Historia yetu inaonyesha kwamba ni vitu vitatu, na kwamba nchi inaweza kukaa na kimoja kwa miaka sitini bila kuvipata vile viwili vingine.

Tuanzie Unguja. Jumba la Beit el Ajaib, alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, hutajwa kuwa jengo la kwanza Zanzibar kuwashwa taa za umeme. Sikiliza sasa kilichofuata. Historia ya kampuni ya umeme ya Kenya inasimulia kwamba jenereta iliyokuwa ikimulika kasri la Sultani na mitaa ya jirani ilinunuliwa mwaka 1908 na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, ikaenda kuanzisha kampuni ya umeme ya mji ule. Kwa hiyo umeme wa mwambao wetu ulianza kama pambo la mfalme, kisha ukauzwa kama mtumba.

Mwaka huohuo wa 1908 Wajerumani waliwasha umeme Dar es Salaam. Uliwafikia akina nani? Karakana ya reli, na sehemu ya mji waliyokaa wao wenyewe. Basi. Waingereza walipoingia wakaunda idara ya serikali ya umeme mwaka 1920, na mwaka 1931 kazi hiyo ikakabidhiwa kampuni mbili binafsi. DARESCO ilichukua Dar es Salaam na miji kadhaa iliyo kwenye njia ya reli ya kati. TANESCO, ambayo wakati huo kirefu chake kilianza na neno Tanganyika, ilipewa kaskazini mashariki, nchi ya katani. Mwaka uliofuata TANESCO ikawa chini ya kampuni ya East African Power and Lighting ya Nairobi. Yaani shirika tunalolilalamikia kila luku inapoisha lilizaliwa kama kampuni ya watu binafsi, na kwa miongo mitatu mwenye kauli ya mwisho alikaa Kenya.

Katani ndiyo iliyotuletea umeme wa maji. Mwaka 1936 mitambo ya Pangani Falls ilianza kazi, ikiendeshwa na maji yanayotoka Kilimanjaro na Meru. Umeme ule ulikwenda Tanga na kwenye korona (hizi ni zile mashine za kusindika katani, msifikirie ugonjwa). Manamba waliotoka Kigoma, Songea, Rwanda na Burundi kuja kukata majani ya mkonge walilala kambini na moto wao wa kuni.

Tusimame hapo kidogo, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu ilipo. Mwaka 1936 umeme wa Pangani ulikuwa safi. Hakuna moshi, hakuna dizeli, ni maji tu. Kwa vipimo vya leo vya mazingira tungepewa cheti. Ila ulikuwa safi kwa mashamba na kwa mji. Usafi haukutusumbua kwa muda mrefu sana, lakini "wote" lilikuwa neno ambalo halimo hata kwenye mpango.

Uhuru ulibadilisha mwenye mali. Mwaka 1964 serikali iliingia kwenye hisa za kampuni hizo, na mwaka 1968 jina likawa Tanzania Electric Supply Company. Mitambo ikaongezeka: Hale mwaka huo wa 1964, megawati 21, Nyumba ya Mungu mwaka 1968, megawati 8. Kisha ukaja mradi mkubwa wa Kidatu ulioanza kuzalisha mwaka 1975, na ulipokamilika ukafikia megawati 204. Mtera ikafuata mwaka 1988 na megawati 80. Hivi ni viwanda vya taifa jipya lililotaka nguo zake, saruji yake na bia yake, na sioni aibu kuvisifu. Ila ramani ya nyaya haikubadilika kama ramani ya kisiasa ilivyobadilika. Laini kubwa zilitoka bwawani kwenda mjini na kiwandani, zikipita juu ya mashamba ya mahindi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na shamba la namna hiyo wilayani Korogwe, si mbali na Hale. Nguzo kubwa za chuma zilionekana kutoka uani kwake, na usiku wa kimya, hasa ukiwa na unyevunyevu, uliusikia waya ukinguruma. Watoto tulidhani ni nyuki. Yeye aliwasha koroboi saa moja, akaizima saa tatu ili mafuta yafike Jumamosi. Alifariki mwaka 2009, na katika nyumba ile hakuwahi kubonyeza swichi. Alizaliwa wakati mitambo ya Pangani ipo tayari. Huwa nalifikiria hilo kila ninaposikia megawati zikitajwa kwenye taarifa ya habari.

Haya, twende kwenye "safi". Mpaka miaka ya 1990 nchi iliishi kwa maji karibu peke yake, na mvua zilipogoma tukalia. Ukame wa katikati ya miaka ya 1990 ndio uliozaa mkataba wa IPTL, mitambo ya megawati 100 ya mafuta mazito pale Tegeta. Mkataba ulisainiwa mwaka 1995, kesi zikafuata, na umeme ukaanza kutoka mwaka 2002. Ukame wa 2006 ukaleta mgao mkali na mkataba wa dharura wa Richmond, uliomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008 baada ya ripoti ya kamati teule ya Bunge. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, ilianza kuzalisha umeme Ubungo mwaka 2004 na ikatuokoa kwa kiasi kikubwa.

Nilikuwa shule ya msingi mwaka 2006 na ninachokumbuka ni kelele za jenereta. Kila duka lenye friji lilikuwa na lake nje, limefungwa mnyororo kama mbwa. Kila mwenye saluni alikuwa mtaalamu wa bei ya petroli. Watu wa mjini walikuwa wameonja umeme na kunyang'anywa, wakawa na hasira. Wa kijijini walitutazama tu. Mgao unamhusu aliyegawiwa.

Zanzibar ilipata somo lake kwa njia chungu zaidi. Tangu 1980 Unguja ilitegemea waya mmoja wa chini ya bahari kutoka Bara. Mei 2008 kisiwa kikaingia gizani kwa takriban mwezi mzima. Desemba 2009 ikawa hivyo tena, na safari hii umeme ulirudi Machi 2010, miezi mitatu baadaye. Pampu za maji zikasimama, samaki wakaoza, hoteli zikaunguza dizeli. Waya mpya wa megawati 100 ulikuja mwaka 2013 kwa msaada wa Marekani. Umeme ulikuwapo Bara muda wote ule. Kilichokosekana ni waya.

Na hapo ndipo ninapotaka tufike: waya wa mwisho. Tuseme nguzo iko nje ya nyumba yako. Bwawa limejaa, mitambo inazunguka. Kati yako na taa kuna mita thelathini na malipo ya kuunganishwa. Mpaka mwisho wa mwaka 2012 malipo hayo, kwa njia moja na bila kuhitaji nguzo, yalikuwa shilingi 455,108. Januari 2013 yalishushwa hadi 320,960 mjini na 177,000 vijijini. Hapo bado hujamlipa fundi wa kutandaza nyaya ndani, na hujakutana na kishoka aliyevaa kofia ngumu anayekuahidi nguzo wiki ijayo. Mkulima anayeuza magunia sita ya mahindi kwa mwaka na anayetakiwa kutoa fedha hizo kwa mkupuo ni sawa na mtu aliyeambiwa basi ni bure ila mlango unauzwa.

Wakati huohuo taa ya maskini ilikuwa inapanda bei. Mwaka 2011, kwa lengo la kuzuia uchakachuaji wa dizeli, serikali iliongeza kodi ya mafuta ya taa mpaka yakakaribia bei ya mafuta ya magari. Nia ilikuwa kuwabana wachakachuaji. Aliyebanwa pamoja nao ni mwenye koroboi. Iliyokuja kumsaidia si gridi, ni tochi za Kichina na vipaneli vya sola vya kwenye mabati, vilivyoingia vijijini kwa kasi kuliko nguzo yoyote.

Sasa tuwe wakweli, mambo yalibadilika, na yalibadilika pale serikali ilipoacha kuhesabu megawati peke yake. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005 na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ukaanza kazi mwaka 2007. Katika miradi yake mwanakijiji aliishia kulipa shilingi 27,000 tu. Kwa wenye vyumba viwili vitatu kikaletwa kifaa cha UMETA, Umeme Tayari, kinachofungwa ukutani na kuokoa gharama za kutandaza nyaya. Serikali imekwisha kutangaza kwamba vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara vimefikiwa, na kazi imehamia kwenye vitongoji. Kenya nayo ilifanya jambo la aina hiyo mwaka 2015, ilipopunguza malipo ya kuunganishwa kutoka shilingi zao 35,000 hadi 15,000 kupitia mradi wa Last Mile. Penye bei ya mlangoni iliyoshuka, watu waliingia.

Ila tuchunge neno "kufikiwa". Utafiti wa kitaifa wa 2019/20 ulionyesha kwamba asilimia 78.4 ya Watanzania Bara walikuwa wamefikiwa na umeme. Kaya zilizounganishwa zilikuwa asilimia 37.7. Tofauti ya namba hizo mbili ni watu wanaoiona nguzo na wasioiona taa. Wamo kwenye ripoti kama mafanikio. Bibi yangu angekuwa humo.

Wapo watakaosema hizi ni nchi maskini, mambo huenda taratibu. Nawaomba watazame Vietnam. Mwaka 1975, mwaka wa Kidatu, nchi ile ilikuwa ndiyo kwanza inatoka vitani na inakadiriwa asilimia 2.5 tu ya watu wake walikuwa na umeme. Mwaka 2009 walifikia asilimia 96. Walijenga mabwawa na laini kubwa, ndiyo. Lakini pia waliziachia jumuiya za vijiji zijenge nyaya ndogo kwa michango na mikopo, na baadaye shirika la taifa likazichukua na kuzikarabati. Nyaya nyingi za mwanzo zilikuwa za ovyo na umeme ulipotea njiani. Taa ziliwaka hata hivyo, na aliyekwisha kuzoea taa hakubali kurudi nyuma.

Tunarudi kwenye mabwawa basi, kwa sababu hatuwezi kuyakwepa. Stiegler's Gorge ilipewa jina la mhandisi Mjerumani ambaye inasemekana aliuawa na tembo mahali hapo mwaka 1907. Ndoto ya kuuziba mto Rufiji ina miaka mingi, na mamlaka ya RUBADA iliundwa mwaka 1975 kwa ajili ya bonde hilo. Mkataba wa kujenga ulisainiwa Desemba 2018 na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric. Maji yalianza kujazwa Desemba 2022, mtambo wa kwanza ukaingia kwenye gridi Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yote tisa ikawa tayari: megawati 2,115.

Watu wa mazingira walipinga, kwani bwawa limechukua sehemu ya Selous iliyo urithi wa dunia tangu 1982. Msiwacheke. Kule Kihansi, megawati 180, tulipogeuza njia ya maporomoko tuliukausha ukungu uliokuwa nyumba ya chura mmoja mdogo wa njano asiyepatikana kwingine kokote. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini, na akarudishwa mwaka 2012 kutoka kwenye mabustani ya wanyama ya Marekani, kwenye bonde linalonyunyiziwa maji kwa mipira. Neno "safi" nalo lina bili yake.

Lakini angalia kilichotokea baada ya Rufiji kuanza kutoa umeme. Machi 2024 vituo vitano vya umeme wa maji vilizimwa kwa muda kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan akaeleza mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa kuwa umeme unaosafiri kutoka kusini mpaka huko unapotea mwingi njiani. Nchi inazima mitambo na inanunua umeme kwa jirani, na vyote viwili vina maelezo ya kitaalamu yanayoeleweka. Maelezo yenyewe yanarudi palepale: waya, na uwezo wa mtu wa mwisho.

Nimalizie jikoni, maana huko ndiko hesabu yetu inakogoma kabisa. Kwa takwimu za serikali za 2021, asilimia 63.5 ya kaya zilipikia kuni, asilimia 26.2 mkaa, 5.1 gesi ya mtungi, na 3 tu umeme. Soma tena hiyo ya mwisho. Serikali inakadiria watu 33,000 hivi hufa kila mwaka kwa madhara ya moshi wa jikoni. Mkakati wa kitaifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 wapikie nishati safi ifikapo 2034.

Kwa nini mwenye umeme hapikii umeme? Tazama bei zilizopitishwa mwaka 2016. Mteja mdogo hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, almuradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Akizidi, kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Punguzo hilo ni jema na limewasaidia wengi, ila ukilitazama vizuri utaona lilitungwa kwa ajili ya taa, redio na simu. Aliyelitunga hakufikiria sufuria. Mama akiamua kuachana na gunia la mkaa na kununua jiko la presha la umeme, jiko lile linaivisha maharage kwa chini ya uniti moja, lakini mapishi ya mwezi mzima yatamvusha uniti 75 na bei itamrukia mara tatu na nusu. Ataliweka juu ya kabati, atarudi kwa muuza mkaa anayempimia kopo kwa kopo. Tumejenga megawati 2,115 na bei inayomwambia mama asipike.

Dunia nzima iko kwenye fumbo hilohilo. Ripoti ya kimataifa ya 2025 inasema waliokuwa hawana umeme mwaka 2023 ni watu milioni 666, na asilimia 85 yao wako Afrika kusini mwa Sahara. Wasiokuwa na nishati safi ya kupikia ni kama bilioni 2.1. Januari 2025 marais wa Afrika walikutana hapahapa Dar es Salaam kuahidi kuwafikishia umeme watu milioni 300 ifikapo 2030, wakisaidiwa na Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Ni ahadi kubwa na ninaitakia heri. Kama mwandishi nitakuwa na maswali mawili tu kwenye kila uzinduzi nitakaotumwa, na nawaomba wenzangu wenye kalamu wayaulize pia. Baada ya waziri kutaja megawati, aseme kaya ngapi zimewashwa, si kufikiwa. Na baada ya kusema kaya ngapi, aseme kupika chakula cha mwezi kwa umeme huo ni shilingi ngapi, na mkaa ni shilingi ngapi.

Mkaa ukiendelea kushinda kwenye hesabu hiyo, basi tumeongeza taa tu. Nawasilisha.